Kufungua ni Kufuta

Ofisini, ukiambiwa ufungue faili la mtu, unalitoa kabatini, unalilaza mezani, unafunua jalada. Karatasi zilizokuwamo bado zimo. Hakuna karani aliyewahi kufungua faili akakuta limekuwa jeupe kwa sababu tu aliligusa akiwa na kalamu mkononi. Lakini kwenye BASIC, lugha ambayo watu wengi sana walijifunzia kompyuta kati ya miaka ya sabini na tisini, hilo ndilo lililotokea. Uliandika OPEN, ukaweka herufi O, ukataja jina la faili, ukabonyeza kitufe. Kama faili hilo lilikuwapo, yaliyokuwamo yameenda. Mashine haikuuliza chochote. Haikusema hata pole.

Historia ya kompyuta huwa tunaisimulia kama historia ya mashine na matajiri: nani alitengeneza nini, kasi yake ilikuwa ngapi, nani akatoka na mabilioni. Mimi navutiwa zaidi na historia nyingine iliyo chini yake, ya watu wa kawaida waliopewa uwezo wa kuandika juu ya kazi yao wenyewe, na ikabidi wajitungie adabu za kujikinga. BASIC ni mahali pazuri pa kuitazama historia hiyo, maana ilitengenezwa makusudi kwa wasio wataalamu.

Wataalamu walikuwa na adabu zao tangu zamani. Katika miaka ya hamsini na sitini, kampuni kubwa iliyoweka rekodi zake kwenye utepe wa sumaku haikuzihariri rekodi hizo. Ukiisikia mara ya kwanza inashangaza. Utepe mkuu, tuseme wa mishahara, ulisomwa tangu mwanzo hadi mwisho sambamba na kadi za mabadiliko ya wiki hiyo, kisha matokeo yakaandikwa kwenye utepe mwingine kabisa. Ule wa kwanza haukuguswa. Wiki iliyofuata, huu mpya ukawa ndio wa kusomwa, ukazaa mwingine. Wenyewe waliviita vizazi: babu, baba na mwana. Mwana akiharibika, unamrudia baba pamoja na zile kadi, unamzaa upya. Baba naye akionekana ana kasoro, babu yuko rafuni. Na ili mtu asije akaandika juu ya baba kwa bahati mbaya, nyuma ya gurudumu la utepe kulikuwa na mfereji wa kupachika pete ya plastiki. Bila pete, mashine iligoma kuandika. Kuna raha fulani katika ulinzi unaoweza kuushika kwa vidole.

Ila ulinzi huo ulikuwa wa wenye mashine. Mwenye shida alipeleka kadi zake dirishani, akarudi kesho yake kuchukua majibu. Hakuwa na nafasi ya kufuta kitu, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kugusa kitu.

Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, mambo yalianza kugeuka katika chuo cha Dartmouth, mjini Hanover, jimbo la New Hampshire, Marekani. John Kemeny, mzaliwa wa Budapest aliyewahi kuwa msaidizi wa Einstein kule Princeton, na mwenzake Thomas Kurtz, wote walimu wa hesabu, walikuwa wameamua kwamba kila mwanafunzi wa chuo, hata wa historia na wa fasihi, aweze kukaa mbele ya mashine na kuiamuru. Walitumia kompyuta ya GE-225, wakaigawa kwa zamu za haraka kiasi kwamba kila aliyeketi kwenye teletaipu alijiona ndiye mwenye mashine. Lugha waliyowapa wanafunzi hao ndiyo BASIC. Kemeny alifariki 1992, Kurtz akafariki Novemba 2024. Ni juzi tu, yaani; huyu mtu alikuwa hai wakati sisi tayari tunabishana na simu zinazojibu.

BASIC hiyo ya kwanza haikuwa na mafaili ya data. Takwimu zako uliziweka ndani ya programu yenyewe, kwenye mistari iliyoanza na neno DATA, na programu ikazichota kwa neno READ. Kuhariri takwimu kulikuwa ni kuhariri programu: uliandika upya mstari wenye namba ileile, na mpya ukakalia kiti cha zamani. Ukiandika namba ya mstari peke yake bila kitu mbele, mstari huo ukafutika. Hiyo ilikuwa hatari ndogo, lakini ilikuwa na breki. Programu uliyokuwa ukiichezea ilikuwa nakala. Amri OLD ilikuletea kazi uliyoihifadhi siku za nyuma, ukaivuruga utakavyo, na ile iliyohifadhiwa haikubadilika mpaka mwenyewe useme SAVE. Ukiona umeharibu kabisa, unaachana nayo, unaita OLD tena. Kulikuwa pia na SCRATCH, amri ya kufuta unachofanyia kazi ukaanza upya na jina lilelile. Neno hilo mlishike, tutakutana nalo tena.

Mafaili ya data yalikuja baadaye, na yalikuja na mlango wa hatari. Sababu yake iko katika utepe. Faili la mfululizo ni utepe uliohamishiwa kwenye diski: linasomwa tangu mwanzo hadi mwisho, linaandikwa tangu mwanzo hadi mwisho, na huwezi kuchomeka mstari katikati kama ambavyo huwezi kuchomeka wimbo katikati ya kaseti bila kuukata mwingine. Kwa hiyo "kufungua kwa kuandika" kulimaanisha kuanza utepe mtupu. Waliozoea utepe waliona ni sawa kabisa, kwa kuwa kwao utepe wa kuandikia siku zote ulikuwa mwingine. Lakini kwenye diski, utepe "mwingine" unatofautishwa na wa zamani kwa jina tu. Na jina ni herufi chache ambazo mtu anaandika saa nne usiku akiwa amechoka.

Sasa twende Albuquerque. Mwaka 1975, Bill Gates na Paul Allen, wakisaidiwa na Monte Davidoff, waliandika BASIC kwa ajili ya Altair 8800, kompyuta iliyouzwa kama vipande vya kuunganisha mwenyewe. Programu zake za mwanzo zilisambazwa kwa utepe wa karatasi wenye matundu. Diski laini zilipofika, mwaka 1977 Marc McDonald, mfanyakazi wa mapema wa Microsoft, alibuni jedwali la kukumbuka ni sehemu zipi za diski ni za faili gani. Jedwali hilo ni FAT, lililokuja kutumika hadi kwenye flashi za leo. BASIC ya Microsoft ya wakati huo ilikuwa na njia tatu za kufungua faili: I kwa kusoma, O kwa kuandika, na R kwa kuruka moja kwa moja hadi rekodi unayoitaka. Ya kuongezea mwishoni, bila kugusa yaliyotangulia, haikuwapo bado. Ilipatikana kwenye BASIC ya IBM PC mwaka 1981.

Basi mtu aliyekuwa na faili la majina, akataka kuongeza majina matatu, alifanyaje? Kitabu cha maelezo kilichokuja na lugha yenyewe kilimfundisha, kwenye kiambatisho cha diski. Kwanza kilimwonya waziwazi: usifungue kwa O faili unalolitaka, utalifuta. Vizuri. Kisha kikampa programu ya mfano. Fungua faili linaloitwa NAMES kwa kusoma. Fungua la pili, liite COPY, kwa kuandika. Soma mstari mmoja hapa, uandike kule, mpaka uishe. Mpaka hapo ni babu na baba safi kabisa.

Halafu, mstari wa 100: KILL NAMES.

Nimeuangalia mstari huo mara nyingi na bado unanikera. Baada yake, programu inamgeukia mtu na kumwomba jina la kuongeza, na anwani, na siku ya kuzaliwa. Inamsubiri. Mtu anaandika. Anaandika mwingine. Simu inalia. Anaenda kuchemsha chai. Muda wote huo faili la zamani limeshafutwa, na jipya halijafungwa. Ni baada ya yote kwisha, mtu amebonyeza kitufe bila kuandika jina, ndipo COPY inafungwa na kupewa jina la NAMES. Mwanya wa hatari haukuwa wa sekunde moja ya mashine. Ulikuwa na urefu wa subira ya binadamu.

Na hiyo COPY isiyofungwa ni kitu gani hasa? BASIC haiandiki kila herufi kwenye diski papo hapo. Inazikusanya kwenye sehemu ya memori, kama konda anayengoja matatu ijae, kisha inazipeleka kwa mkupuo. Kinachobaki njiani kinasukumwa faili linapofungwa. Isitoshe, kwenye DOS, ukubwa wa faili unaandikwa kwenye orodha ya diski wakati wa kufunga. Stima ikipotea kabla ya hapo, ukiwasha tena unaona jina COPY, na kando yake ukubwa wa sifuri. Data ipo kwenye diski, nyingi yake, lakini hakuna anayejua ni ya nani. CHKDSK ikipita itaokota vile vipande visivyo na mwenyewe na kuvibatiza FILE0000.CHK, na wewe ukae ukivichambua.

Waliokuwa Kenya mwaka 2000, ukame ulipopunguza maji kwenye mabwawa ya Mto Tana na stima ikawa ya mgao, hawahitaji kuelezwa. Kule Marekani mwandishi wa kitabu cha maelezo labda aliiona stima kama hewa, kitu kisichofikiriwa. Sisi tulijua kwamba stima ni mgeni, na mgeni ana saa zake.

Ukihamisha mstari mmoja tu, yote yanapona. Kusanya majina mapya kwanza, yaandike kwenye COPY, funga COPY. Sasa faili jipya limekamilika na liko kwenye diski. Hapo ndipo unaweza kulishughulikia la zamani, tena bila kuliua: lipe jina lenye mkia wa BAK, kisha lile jipya ulipe jina la kawaida. Kama kuna BAK ya juzi, hiyo ndiyo inayouawa, yaani babu, na si baba. Mwanya unabaki ule mdogo kati ya kubadili jina la kwanza na la pili, na hata umeme ukikatika katikati yake, mafaili yote mawili yapo mazima. Ni majina tu yanayohitaji kurekebishwa kwa mkono.

Mtu atasema, diski za zamani zilikuwa ndogo, nafasi ya nakala mbili itoke wapi. Hoja hiyo nimeipima. Wakati mstari wa 100 unafika, nakala mbili tayari ziko kwenye diski moja, nafasi imeshatumika. KILL iliokoa nafasi ya nyongeza tu. Wengine watasema kwamba NAME hukataa kutoa jina ambalo lina mwenyewe, kwa hiyo lazima uondoe la zamani kwanza. Kweli, lakini si lazima uliondoe kabla ya kumkaribisha mtu aanze kuandika. Nadhani jibu ni jepesi zaidi: mwandishi aliona vizuri aondoe vyombo vilivyotumika mara tu alipomaliza navyo. Ni tabia njema jikoni.

Kinachochekesha ni kwamba kurasa chache mbele, kwenye kiambatisho hichohicho, kuna programu nyingine ya mfano, ya kuhesabu bidhaa za stoo, na hiyo ina hofu ya Mungu. Inatumia ile njia ya tatu, R. Kila bidhaa ina rekodi yake, namba 1 hadi 100. Mwanzoni rekodi zote zinapigwa alama ya 255 kwenye baiti ya kwanza, kumaanisha hapa hapana mtu. Ukitaka kuandika kwenye rekodi ambayo haina alama hiyo, programu inakuuliza kama kweli unataka kuandika juu yake. Na ukitaka kuanzisha faili upya, inakuuliza kama una uhakika. Maswali mawili, kila moja mstari mmoja wa programu. Hayakugharimu kitu.

Mafaili ya R yalihitaji woga huo, kwa sababu humo hamna nakala kabisa. Unahariri palepale. Unachukua rekodi kwa GET, inaingia kwenye sehemu ya memori iliyogawanywa kwa FIELD, tuseme herufi 20 za jina, 2 za idadi, 4 za bei, kisha unabadilisha kwa LSET na kurudisha kwa PUT. Ukikosea namba kwenye PUT, umeandika juu ya rekodi ya mtu mwingine na hakuna anayelia. Ukibadilisha mgawanyo kwa herufi moja tu, ukasema jina sasa lina 21, basi kuanzia hapo idadi inameza baiti ya kwanza ya bei, na kila bidhaa stoo inakuwa na bei ya kichaa. Kulikuwa na mtego mwingine wa kimyakimya: ukisahau LSET ukaandika tu alama ya sawasawa, jina lile linahama kutoka kwenye rekodi na kwenda kukaa mahali pengine kwenye memori. Programu inakuonyesha jina jipya skrinini, unafurahi, unaandika PUT, na kwenye diski jina la zamani limekaa palepale. Kitabu kilionya. Nani anasoma maonyo?

Waliogundua hatari hizi kwa machungu walikimbilia njia nyingine, ya kufungua faili la data kwa kihariri cha maandishi na kurekebisha kwa macho. Hapo nako kulikuwa na nyoka. WordStar, programu ya uandishi iliyotawala ofisi mwanzoni mwa miaka ya themanini, ilikuwa na hali mbili. Ukifungua kwa hali ya hati, ilichezea biti ya nane ya herufi za mwisho za maneno ili ikumbuke mpangilio wake wa kurasa. Skrinini huoni kitu. BASIC ikija kusoma faili hilo inakuta jina la mteja limeishia kwa alama ya ajabu. Ilibidi ufungue kwa herufi N, hali isiyo ya hati, na waliojua hilo walilijua kwa sababu walishaharibu kitu.

Kisha kuna baiti namba 26. CP/M, mfumo wa Gary Kildall wa mwaka 1974, ulipima mafaili kwa vipande vya baiti 128, kwa hiyo haukujua maandishi yanaishia wapi hasa ndani ya kipande cha mwisho. Suluhisho likawa kuweka alama, herufi 26, kusema "nimefika". DOS ikarithi desturi hiyo. Sasa fikiria faili la R ambalo idadi ya bidhaa fulani ni 26 kweli, magunia ishirini na sita ya sukari, imeandikwa kwa baiti zake mbili, moja ikiwa ni 26. Ukilifungua faili hilo kama maandishi, msomaji anafika kwenye sukari anaona mwisho wa dunia. Ukihifadhi kutoka kwenye kihariri kinachoheshimu alama hiyo, kila kilichofuata baada ya sukari hakimo tena.

QBasic, iliyokuja na MS-DOS 5.0 mwaka 1991, ilichanganya mambo kwa namna yake. Wengi hawakujua kwamba amri EDIT, kihariri kipya cha DOS, ilikuwa ni QBasic yenyewe imevaa kofia nyingine. Ukifuta QBASIC.EXE ili kupata nafasi, EDIT nayo inakufa. Kwa kofia ya EDIT, maandishi yako yaliachwa kama yalivyo. Lakini ukifungua faili la data ndani ya QBasic yenyewe, iliyachukulia kuwa ni programu: kila mstari ukakaguliwa, maneno yanayofanana na amri yakapandishwa herufi kubwa, nafasi zikapangwa upya. Mteja akiitwa Input, pole zake. Kaka yake mkubwa aliyeuzwa dukani, QuickBASIC 4.5, alikuwa na dawa: wakati wa kupakia faili ulichagua kama ni moduli au ni hati tu, na ukisema hati, aliacha kuligusa. Chaguo hilo lilikuwa pembeni pale kwenye menyu, na sijui kama kuna kitu kilichookoa kazi za watu kimyakimya namna hiyo.

Kwa wenye Commodore 64, mashine ya mwaka 1982 iliyouzwa kwa mamilioni, lile neno SCRATCH lilirudi, safari hii likiwa na maana ya kufuta faili kwenye diski. Ukisahau kufunga faili ulilokuwa ukiandika, lilionekana kwenye orodha likiwa na kinyota kando ya aina yake. Wenyeji waliliita kwa jina la mdondoko wa kitu kilichopasuka sakafuni. Silika ilikuambia ulifute. Ulipaswa kutolifuta, kwa sababu kulifuta kungeweza kuachilia sehemu za diski ambazo ni za faili lingine. Dawa ilikuwa ni kuiamuru diski ijikague yote kwa VALIDATE. Na kulikuwa na njia ya mkato ya kuhifadhi juu ya faili la zamani, kwa kuweka alama ya @ mbele ya jina. Watu walilalamika kwamba inaharibu mafaili. Wengine wakawaambia mnaota, mimi naitumia kila siku. Ubishi uliendelea kwa miaka kwenye majarida ya Commodore hadi katikati ya miaka ya themanini, ilipothibitishwa kwamba kasoro ilikuwamo kwelikweli ndani ya diski draivu yenyewe. Waliosalimika ni wale waliokuwa na ushamba wa kuhifadhi kila mara kwa jina jipya: KAZI1, KAZI2, KAZI3. Ushamba huo ndio babu, baba na mwana, umerudi bila kuitwa.

Waingereza walikuwa na BBC Micro ya mwaka 1981, na BASIC yake iliyoandikwa na Sophie Wilson ilikuwa ya adabu kuliko nyingi. Hata hivyo OPENOUT ilifuta kama O ya Microsoft. Toleo la kwanza liliruhusu OPENIN kusoma na kuandika pia; toleo la pili likatenganisha, OPENIN ikawa ya kusoma tu, na OPENUP ikaongezwa kwa anayetaka kubadilisha vilivyomo. Ni badiliko dogo lakini mimi nalipenda: mtu alikaa akaona kwamba mwenye nia ya kusoma asipewe kisu. Kwenye diski zake pia uliweza kulifunga faili kwa kufuli, kwa amri ya *ACCESS na herufi L, na baada ya hapo kufuta kukakataliwa.

Kufuli la kweli, hata hivyo, lilikuwa la mkono. Kila aliyekua na kaseti nyumbani anajua vile vibanzi viwili vya plastiki mgongoni: ukivivunja, redio haiwezi kurekodi juu ya wimbo, ukitaka kurekodi juu ya kaseti ya mhubiri uliyoinunua sokoni, unaziba tundu kwa karatasi au selotepu. Kompyuta zilizohifadhi kwenye kaseti zilitumia kufuli hilohilo. Diski laini za inchi tano na robo zilikuwa na pengo pembeni, ukilibandika stika diski haiandikiki. Zile za zamani za inchi nane zilikuwa kinyume chake kabisa: stika ndiyo iliyoruhusu kuandika. Hebu mfikirie mtu aliyehama kutoka nane kwenda tano na robo akiwa na mazoea yake mkononi.

Kuhusu KILL yenyewe, kulikuwa na rehema moja. Haikufuta data. Iligeuza baiti ya kwanza ya jina kwenye orodha kuwa E5 na kutangaza kwamba sehemu zile ziko huru. Mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, faili lilikuwa kaburini likiwa zima. Peter Norton alijenga jina lake juu ya jambo hilo: mwaka 1982 alitoa programu zake za huduma, na iliyovuma ni ile ya kufufua. Lakini kwa mfano wetu wa NAMES haisaidii sana, kwa sababu baada ya KILL programu iliendelea kuandika majina mapya kwenye diski ileile, na nafasi iliyoachwa na marehemu ilikuwa wazi kukaliwa.

Mweka hazina yeyote wa chama anayejua kazi yake angemshangaa mwandishi wa mstari wa 100. Kwenye kitabu cha michango hufuti. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kiasi, chenye makosa kikibaki kinasomeka, unaandika sahihi kando, unaweka saini yako. Kitabu kikijaa unanunua kingine, unahamishia salio, na cha zamani kinakaa chini ya kitanda miaka kumi kikingoja siku ya ugomvi. Hakuna anayechoma cha zamani kabla hajamaliza kuhamisha. Ikiwa Mama fulani alichanga 500 mwezi wa tatu, na kitabu kimepotea, basi neno lake ni neno lake na la mweka hazina ni la mweka hazina, na hapo urafiki wa miaka unakwisha kwenye kikao kimoja. Mafaili mengi ya BASIC yaliyopotea yalikuwa ya aina hiyo: si siri za serikali, ni madeni ya duka, alama za darasa la saba, orodha ya waliolipa.

Wala BASIC haijafa. Fungua Excel katika ofisi yoyote Nairobi au Mombasa, bonyeza Alt na F11, na uko ndani yake. Inaitwa VBA, na ni mjukuu wa ile ya Albuquerque. Waliofanya mradi wao wa kompyuta wa sekondari kwa Visual Basic na Access waliigusa pia. Open For Output bado ipo, na bado inafuta faili lililokuwapo bila kuuliza. Kill bado ipo, na haipeleki kitu kwenye pipa la taka ambako ungekiokota. Inaondoa moja kwa moja. Kilichoongezeka ni FileCopy, inayonakili faili lililofungwa kwa mstari mmoja badala ya ule mzunguko wa kusoma na kuandika. Mpangilio salama ni uleule: andika kwenye jina la muda, funga, hakikisha lina kitu ndani, muue babu, mwite baba BAK, kisha Name kwa mwana. Na ukimruka baba kwa haraka, ukajaribu kumpa mwana jina ambalo bado lina mwenyewe, Name inakataa na kukutolea kosa namba 58, namba ileile iliyokuwa kwenye kitabu kile cha mstari wa 100.